Ukisema "if" ukakwama: kutafuta kosa katika sentensi za masharti za Kiingereza

"Ningejua, ningekuja." Maneno mawili, na yamebeba kila kitu: nani, sharti gani, tokeo gani, hata majuto yamo humo. Mpe mwanafunzi wa Kiingereza sentensi hiyo aitafsiri, na mara nyingi ataandika "If I would know, I would come." Ataangalia alichoandika, ataona pande mbili zimelingana vizuri, ataridhika. Mwalimu atapiga mstari mwekundu.

Nimesahihisha kosa hili mara nyingi mno, na nimeacha kuliita uzembe. Anayelifanya ni mtu anayekijua Kiswahili barabara. Shuleni alifundishwa kwamba -nge- huenda na -nge-, na -ngali- huenda na -ngali-, na aliyeandika "ningejua ningalikuja" alikatwa alama. Kanuni hiyo ya kulinganisha pande mbili imemkaa damuni. Kisha anaingia kwenye Kiingereza, lugha ambayo sentensi zake za kufikirika hutaka pande mbili zisilingane, na kile kilichompa alama kule kinamnyima huku.

Kwa hiyo usianze na yale majedwali ya aina ya sifuri, ya kwanza, ya pili na ya tatu. Unaweza kuyakariri yote na bado ukaandika "If I would know." Anza na sentensi yako iliyoharibika, tafuta hapa chini dalili inayofanana nayo, kisha uangalie ilikotoka. Nitatumia majina mawili tu: upande wa sharti, yaani ule wenye "if", na upande wa tokeo.

Dalili: "would" imetokea pande zote mbili

"If I would have money, I would travel." "If she would be here, she would help us."

Chanzo ndicho hicho nilichokwisha kusema. Umechukua "ningekuwa na pesa, ningesafiri", ukatafsiri kila -nge- kuwa "would". Lakini "would" si tafsiri ya -nge- popote ilipo. Ni tafsiri ya -nge- ya upande wa tokeo peke yake. Ile -nge- ya upande wa sharti, Kiingereza huieleza kwa kurudisha kitenzi katika wakati uliopita: "If I had money, I would travel." "If she were here, she would help us."

Hapa ndipo wengi hugoma. Wananiuliza: mbona nazungumzia leo, halafu natumia wakati uliopita? Swali zuri, na jibu lake lipo kwenye Kiswahili chenyewe. Mtu anapokusogelea na kusema "nilikuwa naomba msaada kidogo", anaomba lini? Sasa hivi. Hakuna aliyewahi kumjibu "ulikuwa unaomba, sasa huombi tena?" Amerudisha kitenzi nyuma ili ajiweke mbali kidogo, ombi lisimgonge mtu usoni. Wakati uliopita hapo unapima umbali wa adabu, si saa wala siku. Kiingereza kinafanya vivyo hivyo na masharti: kinakirudisha kitenzi nyuma ili kuonyesha umbali kutoka kwenye ukweli. "If I had money" maana yake ni kwamba pesa ziko mbali na mimi, sina.

Ukishaliona hilo, vitu vingine vinajipanga vyenyewe. "I wish I knew the answer" ni "laiti ningejua jibu", na sababu ya "knew" ni ileile. Anayeandika "I wish I know" ameugua ugonjwa huuhuu, umejitokeza tu mahali pengine.

Namna ya kujirekebisha: ukimaliza kuandika, weka kidole kwenye "if", kisha ufuate maneno hadi kwenye mkato au mwisho wa upande huo. Ukikutana na "would" njiani, isimamishe na uihoji. Mara nyingi haina kibali cha kuwa hapo. Nasema mara nyingi kwa sababu ipo yenye kibali: ile ya barua rasmi, "I would be grateful if you would reply by Friday." Hiyo "would" ya pili inaomba hiari ya mtu, kama kusema "iwapo utakuwa radhi". Itumie kwenye maombi ya heshima, na usiitumie kama kinga mahali pengine.

Kuna kingine kitakachokuchanganya. Ukisikiliza mazungumzo ya Wamarekani utasikia "If I would have known" bila aibu yoyote. Ni kweli, wapo wanaosema hivyo. Kwenye mtihani au barua ya kuomba kazi, bado ni kosa.

Dalili: "will" imeingia baada ya "if"

"If he will come, I will tell him."

Hili linanishangaza zaidi, maana Kiswahili cha asili hakikupi sababu ya kulifanya. "Akija, nitamwambia." Iko wapi -ta- upande wa sharti? Haipo. Kiswahili na Kiingereza hapa wanakubaliana kabisa: wakati ujao unatajwa mara moja tu, upande wa tokeo. Kosa limetoka kwenye mazoea mapya ya kusema "kama atakuja, nitamwambia". Sentensi hiyo ina -ta- mbili, na mtafsiri mwaminifu anazipeleka zote mbili kwenye Kiingereza.

Dawa yake ni kurudi kwenye -ki-. Kabla ya kutafsiri, jiulize kama upande wa sharti unaweza kusemwa kwa -ki-. "Kama atakuja" inakubali kuwa "akija"? Inakubali. Basi kwa Kiingereza ni wakati uliopo wa kawaida: "If he comes, I will tell him." Usisahau ile "s" ya "comes", imepotea kwenye sentensi nyingi ambazo sehemu nyingine zote zilikuwa sawa.

Sasa jaribu kipimo hicho kwenye "sijui kama atakuja". Sema kwa -ki-: "sijui akija". Haisemeki. Hapo "kama" haileti sharti, inaleta swali lililofichwa, na "will" ina haki yake: "I don't know if he will come." Wanafunzi wakishafokewa sana kuhusu "will" baada ya "if" huanza kuifuta hata hapa. Kipimo cha -ki- kinakuonyesha lini ufute na lini uache.

Kipimo hichohicho kinafanya kazi kwa "when". "When he will come, tell him" inakuwa "When he comes, tell him", kwa sababu kwa Kiswahili, iwe "if" au "when", ni "akija, mwambie".

Dalili: sarufi iko sawa, lakini msikilizaji ameelewa wakati mwingine

Umekosa mkutano wa jana kwa sababu hukupewa taarifa. Unaandika: "If I knew about the meeting, I would come." Kila neno liko mahali pake, lakini msomaji ameelewa mkutano bado haujafanyika na wewe hujui habari zake. Anaweza hata kukujibu kwa kukutumia saa na mahali.

Lawama ni ya -nge-. Kwenye vitabu, -nge- ni ya jambo ambalo bado lina nafasi na -ngali- ni ya lililokwisha kupita. Kwenye midomo ya watu, -nge- imemeza kazi zote mbili, na anayesema "ningalijua" katika maongezi ya kawaida huonekana anasoma shairi. "Ningejua ningekuja" inaweza kuhusu jana, leo au kesho. Muktadha ndio unaoamua. Kiingereza hakina ukarimu huo. Kinakulazimisha kuchagua.

Kwa hiyo ifufue -ngali- kichwani mwako, hata kama huitumii mdomoni. Sentensi yako ikigeuzwa kuwa -ngali- inabaki na maana uliyoikusudia? "Ningalijua habari za mkutano, ningalikuja." Ndiyo, mkutano umepita, mlango umefungwa. Basi rudisha kitenzi nyuma hatua moja zaidi: "had" pamoja na umbo la tatu la kitenzi upande wa sharti, "would have" pamoja na umbo la tatu upande wa tokeo. "If I had known about the meeting, I would have come."

Umbo la tatu ni lile la mwisho katika "go, went, gone". Wengi huchukua la katikati na kuandika "If I had went". Kwa hilo sina ujanja wa kukupa. Vitenzi hivyo ni vya kukariri.

Kisha kuna "had" mbili zinazofuatana. "Ningalikuwa na muda, ningaliisoma" ni "If I had had time, I would have read it." Ukikutana nayo kwa mara ya kwanza unadhani mchapaji amekosea. Hakukosea. "Had" ya kwanza ni kisaidizi kinachorudisha kitenzi nyuma, ya pili ni kitenzi chenyewe cha kuwa na kitu. Ukifuta moja umebaki na "If I had time", ambayo inazungumzia leo.

Na hapa ndipo mwalimu wako wa Kiswahili angefumba macho. Je, sharti likiwa la zamani na tokeo likiwa la leo? Hukusomea udaktari miaka ile, na leo si daktari. Kwa Kiswahili sanifu unahimizwa utumie kiambishi kimoja pande zote. Kwa Kiingereza unachanganya, tena unatakiwa kuchanganya: "If I had studied medicine, I would be a doctor now." Kila upande unafuata wakati wake. Ukilazimisha zilingane na kuandika "I would have been a doctor now", hilo "now" linabaki halina pa kukaa. Mimi huona sentensi hii kuwa kipimo kizuri kuliko vyote: anayeiandika bila kusita ameacha kutafsiri -nge- neno kwa neno na ameanza kuuliza swali sahihi, yaani kila upande unatokea lini.

Dalili: unasikia "I'd" na hujui ni ipi

"If I'd known, I'd have called." Herufi moja, kazi mbili. Ya kwanza ni "had", ya pili ni "would". Angalia linalofuata. Likifuata umbo la kwanza la kitenzi, kama "I'd call" au "I'd have", ni "would". Likifuata umbo la tatu, kama "I'd known", ni "had". Kuna vitenzi vinavyokuvuruga kwa sababu umbo la kwanza na la tatu ni moja, kama "come", "put" na "cut". Kwa hivyo tegemea mahali: "'d" iliyo upande wa "if", katika sentensi ya kufikirika, karibu kila mara ni "had".

Dalili: umesema "if", watu wakacheka au wakashtuka

"If I die, give my books to my sister." Ulikusudia wosia mtulivu. Msikilizaji amesikia mtu anayetazamia kuwa huenda asife.

-ki- haijali kama jambo lina shaka au ni hakika. "Nikifa", "jua likichomoza", "akija": zote zinatumia kiambishi kimoja, na msikilizaji anajua mwenyewe lipi halina budi kutokea. Kiingereza kinagawa. "If" ni kwa lile linaloweza lisitokee, "when" ni kwa lile litakalotokea tu, swali likiwa ni lini. Wosia ni "When I die". Safari ya hatari ni "If I die", kwa maana ya kufia humo safarini. Kabla ya kuandika "if", jiulize: hili linaweza lisitokee? Jibu likiwa hapana, andika "when".

Kwa mambo ya kawaida yanayojirudia, yale ambayo Kiswahili huyasema kwa hu-, tofauti hiyo inapungua nguvu. "Barafu ikipata moto, huyeyuka" inaweza kuwa "If you heat ice, it melts" au "When you heat ice, it melts". Kinachobaki muhimu ni kwamba hu- inakuambia uache "will": pande zote mbili ni wakati uliopo. Hapa, kwa mara moja, pande mbili zinalingana.

Na -ki- ya "nilimwona akisoma" usiiguse kabisa kwa "if". Hiyo ni ya vitendo vinavyokwenda pamoja: "I saw him reading."

Dalili: sentensi ya kukanusha imesema kinyume cha ulichotaka

"Unless you don't hurry, you will be late." Umemwambia mtu kwamba akifanya haraka atachelewa.

-sipo- ina ukanushi ndani yake: "usipofanya haraka, utachelewa." "Unless" nayo ina ukanushi ndani yake. Ukiongeza "don't" umekanusha mara mbili. Chagua moja: "If you don't hurry" au "Unless you hurry".

Mimi humshauri anayeanza aiweke "unless" kando kwa muda. "If" pamoja na "not" inafika karibu kila mahali inapofika "unless", na inafika hata pale "unless" isipofika. "Asingekuwa amechoka, angekuja" ni "If she weren't tired, she would come." Ukijaribu "Unless she were tired" umeiharibu.

Hapohapo kuna "isingekuwa wewe, ningeanguka". Tafsiri ya neno kwa neno, "If it was not you", inamwacha msikilizaji akisubiri umtaje ni nani basi. Kiingereza kina fungu lake maalumu la maneno kwa shukrani ya namna hii, na linafaa kubebwa zima bila kulichambua: "If it hadn't been for you, I would have fallen."

Dalili ndogondogo

"If it rains, so we will stay inside." Hiyo "so" ni "basi" iliyojificha. "Kama mvua itanyesha, basi tutabaki ndani" ni Kiswahili kizuri, lakini "so" haifanyi kazi hiyo. Tumia "then", au usiweke kitu.

"Take an umbrella if it rains" inamwambia mtu asubiri mvua ianze ndipo achukue mwavuli. Ulitaka kusema "chukua mwavuli isije ikanyesha", nayo ni "in case it rains". Kila unapoweza kusema "isije ika-", jua ni "in case". Wale wanaoweka vyote viwili, "if in case", wafute kimoja.

"Was" au "were"? "If I were you" ndiyo ya kuandika. "If I was you" utaisikia kila siku na hutapungukiwa na kitu ukiielewa.

Mkato: "if" ikitangulia, weka mkato kati ya pande mbili. Tokeo likitangulia, usiweke.

Dalili: kwenye karatasi unaweza, mdomoni unakwama

Unaanza na "If I had…" kisha unanyamaza, unatafuta umbo la tatu, unatafuta "would have", na anayekusikiliza amekwisha kubadilisha mada. Kinachokuzuia ni kwamba unaanza na upande mgumu. Kiingereza kinakuruhusu uanze na tokeo: "I would have called you…" Tayari umesema jambo lenye maana. Ukilipata sharti, ongeza "if I'd known". Usipolipata, nyamaza, mwenzako amekuelewa.

Zoezi nililoona likisaidia ni la dakika 5 kila jioni. Chukua jambo moja la siku hiyo lililokwenda kombo na ulirudishe nyuma hatua kwa hatua kwa sauti, kila tokeo likigeuka kuwa sharti la sentensi inayofuata. "If I had slept early, I would have woken up early. If I had woken up early, I would have caught the bus. If I had caught the bus…" Kitenzi kilekile kinakaa mara moja baada ya "would have", mara moja baada ya "had", na umbo lake la tatu halibadiliki. Siku za kwanza utapiga hatua mbili na kuishiwa. Kisha nne, kisha utashangaa.

Ukianza kuyasema haraka, "would have" itajikunja na kuwa "would've", na masikio yatakuambia ni "would of". Yasikuhadae. Hata waliozaliwa na lugha hiyo huandika "would of", na wao pia husahihishwa.